Sauti ya Bati ya Dalali

Siku kompyuta ya mzee ilipokufa, ilikufa kiungwana. Ilitoa mlio mmoja mwembamba, ikanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, ikanyamaza. Mzee alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akamgeukia binti yake na kufungua mikono. Hakuweza kusema lolote, kwa sababu kilichokufa pale mezani ndiyo sauti yake.

Zamani mzee alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kusimama juu ya kreti na kunadi vitanda na majokofu kwa mdomo usiojua mkato wala nukta. Kisha madaktari wakamtoa uvimbe kooni, na sauti ikaenda pamoja na uvimbe. Msamaria mmoja wa hospitalini akamtafutia kompyuta yenye programu ya kusema: unaandika, yenyewe inatamka. Ilitamka kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe, polepole, neno kwa neno, na nyumba nzima ikazoea. Binti alikuwa bado mdogo. Yule baba wa kabla ya upasuaji alimkumbuka kwa mbali tu, baba mwenye pupa, wa kujibu swali kabla hujamaliza kuliuliza. Aliyemlea hasa ni huyu wa pili, aliyemfundisha kuzidisha na kugawanya bila kupandisha hasira hata mara moja. Watu walisema ugonjwa umemfunza subira. Binti naye alisema hivyo, na alijivunia.

Kompyuta ikigoma siku za nyuma, mzee alikuwa anaandika kwenye karatasi na mama anasoma. Lakini macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Sasa aliona mwanga wa dirisha tu. Bila lile debe, wazee wawili walibaki kwenye makochi yanayotazamana, mmoja hasemi, mwingine haoni. Mama aliuliza, "Upo?" na mzee akagonga mkono wa kochi. Ndoa nzima ikabaki hapo.

Binti huyo, ambaye wateja wa kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta walimwita Bisibisi, kwanza alifanya ambalo mtu yeyote wa siku hizi angelifanya. Alileta tableti mpya yenye sauti nzito, laini, isiyo na dosari. Mzee akaandika salamu.

"Nani huyu?" mama akashtuka.

"Ni baba, mama. Anaandika kama zamani."

"Huyo ni mtangazaji wa redio. Mwambie ampishe mume wangu."

Mzee alicheka kwa mabega. Alipojaribu tena jioni, mama alikunja mikono kifuani, kama mwanamke anayesemeshwa njiani na mwanamume asiyemjua. Mzee hakuandika tena. Aliifunga tableti, akaiweka juu ya kabati, na Bisibisi alipoliona hilo roho ilimuuma.

Basi ikabidi kurudi nyuma. Programu ya mzee ilikuwa kwenye disketi, ndani ya kopo la biskuti, na ilikubali mfumo mmoja tu: ule wa skrini nyeusi na herufi nyeupe, wa kuandika amri kwa mkono, ambao hata waliouunda walishausahau. Kompyuta ya rika lile Bisibisi aliipata kwenye stoo ya shule, imegeuzwa meza ya ndoo na mafagio. Mwalimu aliyempa alishukuru kupata nafasi.

Kibandani wateja walimcheka. "Fundi, hiyo unaitengeneza au unaifukua?" Alifungua boksi, akafuta vumbi na mabawa ya mende, akachomoa kadi moja moja na kusugua meno ya kila kadi kwa raba ya penseli hadi shaba ikang'aa. Disketi za mfumo zilikuwa zimeota ukungu. Alisogeza kila kifuniko, akazungusha utando wa ndani kwa ncha ya kidole na kuufuta kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto mchanga masikio. Akatumbukiza ya kwanza. Kompyuta ikakoroma, ikasema haioni mfumo wowote. Akaitoa, akaifuta tena. Ikakoroma, ikatafakari, ikaomba ya pili. Mwishowe iliuliza tarehe, na yenyewe ikapendekeza mwaka ambao Bisibisi alikuwa hajazaliwa. Hakuisahihisha. Ilishafanya kazi ya kutosha, acha ijidanganye kidogo.

Aliipeleka nyumbani. Mama alikuwa amechana nywele na kukaa wima, kama anayengoja mgeni. Mzee akasugua viganja, akaandika.

"Mkewanguhabarizatangujuzi," ikasema kompyuta, kwa kasauti kembamba, mara moja, kwisha.

"Huyo ni panya," mama akasema. Alitaka kutania, lakini midomo ilimtetemeka. "Siyo yeye, mwanangu. Usijichoshe bure."

Bisibisi alielewa kilichotokea, ila hakuelewa kwa nini. Programu zile za kale hupima maneno kwa mwendo wa mashine yenyewe. Mashine ikikimbia, ulimi nao unakimbia. Lakini mashine hizi mbili zilikuwa za rika moja, karibu pacha. Alipekua kila mpangilio anaoujua, akabadili hiki, akarudisha kile, na panya akabaki panya. Kila alipoinua kichwa aliwaona wazee wake kwenye makochi yao, wamekaa kama abiria wasiojuana. Akaanza kukata tamaa.

Aliamua angalau kuondoa lile boksi bovu la baba lisimkere macho. Alipolinyanyua, kidole gumba kikagusa plasta kwenye uso wa boksi, plasta ya kawaida ya kidonda, iliyoshika rangi ya vumbi. Ilikuwa hapo tangu anapata akili. Siku zote alidhani imeziba ufa. Akaibandua. Chini yake kulikuwa na kitufe.

Akacheka peke yake, kicheko cha kujisikitikia. Vitufe vile alivijua. Viliwekwa makusudi, ili mashine ipunguze mwendo kwa ajili ya programu zilizoitangulia. Hata hii ya shule ilikuwa nacho, palepale mbele, na alikuwa amekifuta vumbi kwa mkono wake. Hakukifikiria kwa sababu moja tu: kompyuta ya baba haikuwa na kitufe, ilikuwa na plasta.

Akakibonyeza kile cha mashine ya shule. "Andika tena, baba."

"Mke. Wangu. Habari. Za. Tangu. Juzi."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtoka bila kujificha. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" akauliza.

Bisibisi alifurahi. Kisha akaitazama ile plasta mkononi, na furaha ikaingia doa. "Nani alibandika hii?"

"Mimi," mama akasema, bila wasiwasi wowote. "Kompyuta ilipoletwa tu, baba yako alirudi mnadani. Kabla sijafungua mdomo ameshamaliza ugomvi na ameshinda. Mtu ananisemesha kama ananiuza! Nikabonyeza kila kitu hadi akapoa, nikabandika."

"Kwa hiyo ile subira yake..." Alihisi ameibiwa. Baba aliyengoja yeye amalize hesabu kwa vidole, baba aliyemsifia kwa marafiki, kumbe alikuwa kitufe?

Mzee alikuwa anamtazama. Akaandika, na maneno yakatoka kwa mwendo wao wa zamani, moja moja. "Nilijua siku ileile."

"Ulijua?" wanawake wote wawili wakasema.

"Ningeweza kuibandua kesho yake."

"Mbona hukuibandua?" Bisibisi akauliza.

Vidole vya mzee vilikuwa vyepesi kuliko sauti yake. Alimaliza kuandika mapema, akaegemea kochi, akangoja pamoja nao. "Dalali haangalii nyuso," ikasema kompyuta. "Anaangalia mikono tu, nani kanyoosha. Maneno yalipoanza kuchelewa, nikawa sina la kufanya. Nikawatazama nyuso. Nikapapenda hapo, kwenye kungoja."

Mzee akainama tena juu ya vibonye.

"Leta plasta. Mpya."

Bisibisi akaenda kwenye kisanduku cha dawa, akarudi, akaibandika juu ya kitufe na kuipapasa pembe zote. Alichelewa kuinuka pale alipochutama.

"Mbona kimya?" mama akauliza. "Mtoto analia?"

Mzee alimtazama binti yake usoni, kisha akaandika.

"Kidogo," ikasema kompyuta, bila haraka yoyote.