Nyaya za Marehemu

Mimi sina wivu. Anayesema nina wivu aje aniambie usoni. Lakini hebu niambie, wewe ungevumilia? Mwaka wa pili huu tangu nimuoe mke wangu na kuhamia kwake, na kila mgeni akiingia sebuleni macho yanakwenda ukutani, kwenye runinga na spika. "Hata waya mmoja hauonekani! Marehemu alikuwa na mkono, jamani!" Marehemu ndiye mume wake wa kwanza. Mke wangu anatabasamu tu, anakwenda kuleta chai. Mimi nabaki nimekaa chini ya spika zile kama mpangaji.

Na kazi yenyewe ni safi, siwezi kusema uongo. Runinga ukutani, king'amuzi na amplifaya kwenye kabati upande wa pili, spika zimezunguka chumba kizima, na nyaya zote zimepita kwenye mabomba ndani ya ukuta na juu ya dari. Sinema ikinguruma, wenzangu wanafurahi, mimi roho inaniuma.

Wiki iliyopita picha ikaanza kukatikakatika. Nikafurahi, sikufichi.

"Nyaya zimechoka," nikamwambia mke wangu. "Nabadilisha zote."

"Zote? Si huo mmoja wa picha tu?"

"Nimesema zote."

Dukani muuzaji akaniuliza kutoka kabati hadi runinga ni mita ngapi. Nikamwambia anipe wa bei kubwa kuliko zote. Akacheka.

"Bosi, bei haileti picha. Ukiwa mfupi haufiki, ukiwa mrefu na wa ovyo picha inakatika. Za spika chukua nene, kwa sababu zinakwenda mbali. Sasa huu wenye ncha za dhahabu, utauvaa?"

Nikauchukua huohuo wa dhahabu. Marehemu hakuwa na wa dhahabu.

"Basi ukifika," akasema, "kabla hujavuta wa zamani, hakikisha..."

"Kazi naijua," nikamkata. Mimi ni kinyozi. Waya ninaoujua ni wa mashine ya kunyolea.

Mke wangu alikuwa kazini. Nikaushika ule wa picha kwa mikono miwili, nikauvuta. "Toka! Toka nyumbani kwangu!" Ukatoka wote. Nikavuta na za spika, moja baada ya nyingine, mpaka sakafu ikajaa. Siku hiyo nikajiona mwenye nyumba.

Nikaingiza waya mpya. Ukafika kwenye kona ya kwanza ya bomba, ukagoma. Nikasukuma, nikazungusha, nikatukana. Wapi! Ndipo nikaelewa yule muuzaji alitaka kusema nini. Unafunga mpya kwenye mkia wa zamani, unavuta wa zamani, nao unaupitisha mpya hadi upande wa pili. Na mimi wa zamani nimeshautoa.

Mke wangu akarudi, akasimama mlangoni. Sikumpa nafasi.

"Usianze kunililia marehemu wako! Kazi yake mbovu, mabomba yamejaa kona!"

"Kazi ya nani?"

"Ya mumeo!"

Akaweka mkoba chini polepole. "Yule hata balbu alikuwa haiwezi. Nyaya hizi nilizipitisha mimi. Alikuwa anaumwa, hatoki, starehe iliyombakia ilikuwa sinema. Nikapanda darini mwenyewe, nikashuka na vumbi mpaka puani. Watu wakamsifu yeye, nikawaacha. Alikuwa akifurahi."

Ningeona haya, ingekuwa afadhali. Lakini wallahi wivu ulinipanda mpaka kooni, maana sasa nilijua mtu yule alipendwa kiasi gani.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Nikiumwa, utanipandia darini?"

Akaokota waya mmoja sakafuni, akautazama ulivyong'oka kichwa.

"Ungeniuliza asubuhi," akasema, "ningekujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza."