Jumamosi ya Fainali Mbili

Katika chuo kile kidogo cha Iowa, kilichozungukwa na mashamba ya mahindi, michezo ilikuwa mingi na wachezaji wachache. Kwa hiyo kila theluji ilipoyeyuka, ungemkuta msichana mmoja asubuhi kwenye riadha na jioni kwenye tenisi, makocha wawili wakimgombania. Marlys Hoekstra alikuwa mmoja wa hao. Britta Boelens alikuwa mwingine.

Mzee Pell, kocha wa tenisi, ndiye aliyewapanga kucheza wawili wawili tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka: Marlys alikuwa hasemi, na Britta alikuwa hanyamazi. Wakaja kuwa kama ulimi na mate. Britta akikimbilia wavuni, Marlys alijua bila kutazama kwamba nyuma ni kwake. Katika mita mia nane nako walikimbia pamoja, ila huko mambo yalikuwa wazi: Marlys mbele, Britta nyuma yake, siku zote.

"Mgongo wako naujua kuliko mama yako anavyoujua," Britta alikuwa akimtania. "Uso ndio unanipa taabu kuukumbuka."

Mwaka wao wa mwisho ratiba ikaleta balaa. Fainali za kanda za tenisi na za riadha ziliangukia Jumamosi moja, katika miji miwili tofauti. Ilibidi mtu achague.

Marlys alitaka kukimbia. Hakuwahi kushinda fainali yoyote maishani mwake, na mwaka ule hakukuwa na wa kumkaribia. Akamwambia Britta katika ukumbi wa chakula, mbele ya bakuli za maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini.

Britta akaweka kijiko chini. "Yaani unaniacha?"

"Sikuachi. Naenda kukimbia."

"Na mimi nicheze na nani? Dessa? Yule mtoto mpira ukija anafumba macho." Akamshika mkono. "Sikiliza, shosti. Tumeanza wote, tumalize wote. Kukimbia utakimbia hata ukiwa bibi. Hii yetu ikiisha, imeisha."

Maneno yale yalimwingia. Kesho yake Marlys alikwenda kwa Kocha Stensrud, mwanamke aliyefundisha riadha, akamwambia hatakimbia.

"Una hakika?" Kocha aliuliza.

"Nina hakika."

"Haya. Sikulazimishi. Ila usije ukajuta."

Wiki ile walifanya mazoezi katika upepo wa uwandani ambao uliweza kuugeuza mpira ukiwa hewani. Britta alikuwa mchangamfu kupita kawaida yake. Alhamisi, walipokuwa wakikusanya mipira, alimkumbatia Marlys ghafla, akang'ang'ania.

"Una nini leo?" Marlys alicheka.

"Sina kitu. Nakupenda tu."

Jumamosi asubuhi Marlys aliingia katika basi dogo la tenisi, akaweka begi lake kwenye kiti cha pembeni ili kumwekea Britta nafasi. Wenzake wakaingia mmoja mmoja, wakakaa nyuma, kimya. Mzee Pell alipanda, akashika usukani. Marlys akapiga simu ya Britta. Ikaita mpaka ikakatika.

"Kocha, tumsubiri kidogo. Atakuwa anahangaika na nywele."

"Hatumsubiri," mzee Pell alisema bila kugeuka. "Ameondoka alfajiri na basi la riadha."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kukimbia mia nane."

Marlys akaliondoa begi lake kwenye kile kiti. "Wewe umejua lini?"

"Alhamisi. Aliniomba nisiseme. Alisema atakwambia mwenyewe." Mzee akajikuna shingo. "Nilidhani amekwambia, binti yangu. Kisha nikakuona jana unavyocheka, nikajua bado. Nikashindwa."

Marlys akageuka kuwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa ameinamia viatu vyake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba basi zima lilikuwa linajua, na mjinga alikuwa yeye peke yake.

Akacheza na Dessa. Msichana yule alijitahidi mpaka akachubuka magoti, lakini mara kwa mara Marlys aliuacha mpira upite akidhani pale pana mtu. Walifungwa vibaya. Dessa akakaa chini ya wavu akilia.

"Nisamehe, dada."

"Nyanyuka. Wewe hujanikosea kitu."

Habari za upande wa pili ziliwafikia wakiwa njiani kurudi: Britta ameshinda mia nane. Msichana mmoja kule nyuma alianza kupiga makofi, kisha akaacha.

Jumapili mchana Britta alimkuta Marlys katika chumba cha kufulia bwenini.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Tulikuwa pamoja kila siku. Nani alikuziba mdomo?"

"Ulipokataa, Kocha Stensrud alinijia. Akasema Marlys hayupo, sasa nafasi ni yako. Na baba alikuwa anakuja. Baba hajawahi kuniona nikishinda kitu. Wewe ukiwepo, mimi nashinda vipi?"

"Kwa hiyo uliponibembeleza nisikimbie..."

"Hapana. Siku ile nilisema kutoka moyoni. Naapa."

Marlys alimtazama usoni, akaona kwamba hawezi kujua kama ni kweli. Hilo ndilo lililomchoma kuliko medali: kila neno tamu aliloambiwa miaka yote ile sasa ilimbidi alipime upya, na hakuwa na mizani.

"Ungeniambia Alhamisi, na mimi ningekwenda kukimbia," alisema.

"Ndiyo maana sikukwambia," Britta akajibu kwa sauti ndogo.

Marlys alitoa nguo zake kwenye mashine zikiwa bado zinachuruzika maji, akaondoka nazo.

Msimu wa tenisi ulikuwa umebakiza mechi moja ya kirafiki, ya nyumbani. Mzee Pell, kwa aibu zake, akawapanga pamoja tena. Marlys angeweza kukataa. Hakukataa, kwa kuwa ilikuwa mechi yake ya mwisho na hakutaka kunyang'anywa hiyo nayo.

Wakacheza bila kusemezana. Na walicheza vizuri kuliko walivyowahi kucheza. Miili haikuwa na habari ya ugomvi; Britta alipokwenda kushoto, miguu ya Marlys ilikwenda kulia yenyewe, kama ilivyozoea. Katikati ya seti ya pili Marlys alijikuta machozi yanamtoka, akayafuta kwa mkono wa fulana, akaanzisha mpira.

Mpira wa mwisho ulipokufa, Britta akamjia amefungua mikono. Marlys akampita, akawapa mkono wapinzani juu ya wavu, akaenda kukunja vitu vyake.

"Marlys. Tumeshinda."

"Nimeona."

Siku ya mahafali, viti vilipangwa uwanjani, na wazazi walikuwa wamevaa nguo zao za kanisani. Marlys alikuwa akimtafuta mama yake kwenye umati, pale mwanamume mmoja mrefu mwenye mikono ya mkulima alipomsimamisha. Alikuwa baba yake Britta, na Britta alikuwa nyuma yake.

"Mwanangu, nilikuwa nakutafuta," mzee alisema, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Britta ametusimulia ulivyomwachia zile mbio. Mimi na mama yake hatutasahau. Wenye moyo kama wako siku hizi wako wapi?"

Marlys akamtazama Britta juu ya bega la mzee. Uso wa Britta ulikuwa umepauka, na alikuwa akitikisa kichwa polepole, akimwomba.

Mzee alikuwa mtu mwema. Ingekuwa rahisi kutabasamu na kupita.

"Sikumwachia, Bwana Boelens," Marlys alisema taratibu. "Aliniomba tucheze tenisi wote, nikaacha mbio kwa ajili yake. Kisha akaenda kukimbia yeye, bila kuniambia. Medali ni yake, ameikimbilia. Lakini mimi sikutoa zawadi yoyote."

Mzee aliendelea kuushika ule mkono kidogo, kama aliyesahau namna ya kuuachia. Kisha akauachia, akageuka kumtazama binti yake.

Marlys hakubaki kusikia watakachosemezana. Alimwona mama yake karibu na lango, akimpungia kofia, akaenda kwake. Mama alimuuliza mbona Britta haji wapige picha pamoja.

"Haji," Marlys alisema. "Tupige sisi."