Konokono wa Baba

Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchunguza konokono wa nchi kavu, enzi ambazo mtu akipiga magoti vichakani kutwa nzima aliitwa mwendawazimu. Makala yake ya kwanza ilipopigwa chapa, mpiga chapa akamharibia jina. Na wataalamu nao, wee, wana kanuni zao: mwandishi hutajwa kama alivyochapishwa mara ya kwanza, iwe sawa isiwe sawa. Wengine wakaongeza makosa yao juu ya hilo, mpaka mzee mmoja akawa watu wanne vitabuni.

Bintiye ndiye msimamizi wa orodha ya waandishi pale makumbusho, ambako konokono wote wa mzee walitunzwa kabatini. Kanuni hiyo aliisimamia kwa ukali mpaka wenzake wakampa jina la Mkasi. Lakini baba alilazwa, figo zimekwisha, akamshika mkono.

"Mwanangu, nisife na jina la watu. Niandike mimi."

Utamjibu nini mzazi wako hapo? Mkasi akaenda ofisini, akafungua kompyuta, akamwandika baba yake sawasawa, na kabati la konokono wake akaliandikisha kwa jina hilo jipya. Makala za zamani hakuzigusa. Kanuni hairuhusu, naye si mtu wa kughushi. Alijua fika kwamba kompyuta haitaziunganisha na jina jipya. Akajisemea ataziunganisha mwenyewe akipata nafasi, kisha akaomba likizo ya kuuguza, na nafasi ikaishia wodini.

Huku nyuma makumbusho yakahamishiwa jengo dogo. Mkurugenzi hakutaka maneno mengi: makusanyo ya mtu asiye na makala hayahami. Wakaiuliza kompyuta, wakabeba ya kubebwa.

Mkasi aliporudi kazini alikuta kabati la baba yake limeachwa wazi, droo ziko sakafuni, tupu. Alipopiga hatua, vipande vya magamba vikavunjika chini ya viatu vyake.

"Wamepelekwa wapi hawa?" alimuuliza mtunza stoo.

"Dampo, dada. Mkurugenzi alisema mwenye kabati hana makala hata moja."

Akakaa palepale sakafuni. Alijichukia. Ile ilikuwa kazi ya umri mzima wa mtu, na baadhi ya konokono wale misitu yao ilishafyekwa yote, kwa hiyo hata ungetaka kuwaokota upya, ungewaokota wapi? Na aliyewatupa si mkurugenzi. Ni yeye, kwa kumpenda baba yake.

Jioni akampelekea baba orodha iliyochapishwa. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya jina lake taratibu, akacheka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa hata nikienda, wale konokono wanajulikana ni wa nani," alisema. "Umewaona leo? Hawajaingia vumbi?"

Mkasi akamrekebishia mto.

"Nimewaona, Baba. Hawana vumbi."