Kiapo cha Onufriy Bohachuk

Nestor Bohachuk alinijia mwezi wa tatu, theluji bado imeziba vizingiti. Familia yake ilikuwa inatimiza miaka mia kwenye shamba lao, na jimbo letu huwapa watu kama hao kibao cha kusimamisha barabarani. Alihitaji nakala ya jalada la mlowezi wa kwanza, na jirani wa kuweka sahihi kwamba ni ya kweli.

"Stefka, wewe ndiye mfukua makaburi wetu," akacheka, maana mimi ndiye mpekua nyaraka za kijiji. "Nifukulie babu."

"Utampata," nikamwambia.

Basi nikaenda mjini Saskatoon, kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo. Kwenye daftari la walowezi nikapata namba ya kiwanja, na kwa namba ile nikaletewa jalada. Lo! Jina la kwanza halikuwa Bohachuk. Lilikuwa la bibi yangu, Yevdokha Malanchuk, mjane. Chini yake palikuwa na kiapo cha Onufriy, babu yake Nestor, cha tarehe 14 Mei 1909: "Nyumba ya mjane ni tupu. Tangu vuli sijaona moshi wala mtu." Kiwanja kisichokaliwa kilichukuliwa na serikali; kwa maneno hayo bibi alinyang'anywa ardhi, akapewa Onufriy.

Bibi alijua amedhulumiwa, ila hakujua na nani. Alikufa akimwombea Onufriy baraka, kwa sababu ndiye aliyempakia kwenye mkokoteni wake siku alipofukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikafungua na kitabu cha kanisa. Tarehe 9 Mei, siku tano kabla ya kiapo, padri alibatiza mtoto ndani ya nyumba hiyo hiyo "tupu". Mtoto ni Teofil. Baba wa ubatizo ni Onufriy Bohachuk. Alimpakata mtoto, akanywa, akala, kisha akaenda kuapa kwamba hakuna mtu.

Teofil ni baba yangu. Kila masika aliokota mawe kwenye shamba la akina Bohachuk kwa ujira wa siku, na chakula chake alikilia ngazini, nje. Nestor alikuwa mtoto wa ndani, mezani.

Sitajifanya mtakatifu. Sikutaka haki. Nilitaka kumwona Nestor akitahayari mbele za watu mpaka akose pa kuweka uso. Nikapanga nakala zote bahashani kwa utaratibu, kiapo kisha ubatizo, nikaweka sahihi yangu kwamba ni za kweli, na zilikuwa za kweli.

"Huzipitii kwanza?" nikamuuliza aliponipokonya bahasha.

"Makaratasi na mimi wapi na wapi! Nitayasoma siku yenyewe."

Kwetu, siku ya kukabidhiwa kibao, mkuu wa familia husoma jalada kwa sauti, watu wakipigia makofi ng'ombe wa kwanza na ekari za kwanza. Siku hiyo ukumbi ulijaa, pirohi, zile za unga zilizojazwa viazi, zinaelea kwenye siagi. Nestor akavaa miwani, akaanza kwa madaha. Alipofika kwenye jina la bibi akasita.

"Endelea, Nestor," nikasema kutoka kiti cha nyuma. "Usitunyime uhondo."

Akasoma kiapo. Akageuza ukurasa, akasoma ubatizo. Hakuna aliyepiga makofi. Mkewe akainamia sahani yake.

"Umeniua, Stefka," akasema.

"Nani kakuua? Nimekusomesha tu." Mwenyekiti wa sherehe akanitazama, kibao kikiwa mkononi mwake. "Mpeni kibao chake," nikamwambia. "Kisheria shamba ni lake. Kisimame barabarani, kila apitaye akumbuke lilivyopatikana." Moyo wangu ulishiba, haki ya Mungu.

Jumapili iliyofuata Nestor alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Nisamehe. Mimi sikujua."

"Sasa unajua. Na mimi siye niliyekula ngazini. Baba yupo makaburini nyuma ya kanisa, safu ya tatu. Kamsomee."

Nilidhani atatukana aondoke. Akaenda. Nikamfuata, nikasimama penye uzio. Mzee wa miaka sabini na minane, upepo unampokonya karatasi, anamsomea marehemu kiapo cha babu yake. Alipofika kwenye ubatizo alilia, akaliruka jina la mtoto.

"Rudia hapo," nikamwambia.

Akarudia.