Mtoto Ambaye Hakutoka Uani

"Umri wake?" Tulasa aliuliza, ingawa siku mtoto huyu anazaliwa yeye mwenyewe alikuwepo.

"Mwaka na miezi miwili," Bishnukumari alijibu. "Kila mwezi wa Kartik maswali ni yale yale. Huchoki, binti?"

"Nitakuuliza mpaka uzeeke, mama."

"Nimeshazeeka. Kata dawa."

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Bishnukumari alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake, mjukuu wake Sugam amempakata. Kijiji kizima hakuna aliyeiamini vitamini A kama yeye. Katika mimba yake ya tatu, jua likishazama tu alikuwa haoni, anashikwa mkono kupelekwa chooni. Mtoto yule alizaliwa dhaifu, surua ikamchukua. Siku hizo dawa hii haikuwa imefika huku.

Tulasa akachukua mkasi. Miaka kumi na tisa ya kujitolea kama mhudumu wa afya, mkono ulishazoea: unakata ncha ya kidonge chekundu, unakamua mafuta mdomoni, basi. Kazi ni kuuliza. Dawa hii mwili unaiweka akiba kwa miezi, na ikizidi inadhuru. Aliwahi kumwona mtoto aliyepewa mara mbili ndani ya wiki moja, akatapika na utosi ukamvimba. Alipona, lakini Tulasa hakumsahau.

"Amepewa kwingine hivi karibuni?"

"Kwingine wapi? Mtoto hajatoka uani tangu sikukuu ianze."

Tulasa akamtazama Kopila, mama wa mtoto, aliyesimama nyuma ya mkwewe. Kopila aliinamisha macho. Tulasa akadhani ni haya tu. Mkasi ukakata ncha. Bishnukumari akambana mtoto mashavu, mdomo ukafunguka.

Mkono wa Kopila ukapenya katikati, ukaufunika mdomo ule.

"Ameshapewa," akasema. "Juzi."

"Wapi?"

"Kwetu. Ng'ambo ya mto."

Juzi ilikuwa siku ya sikukuu ya Tihar, ya akina dada kuwapaka kaka zao tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso na kuwaombea maisha marefu. Na kaka yake Kopila, kila mtu alijua, ameoa binti wa wahunzi, tabaka la chini, watu ambao Bishnukumari hawezi kunywa maji waliyoyashika. Tangu ndoa hiyo, Kopila alipigwa marufuku kukanyaga kwao.

"Nilikuachia nyumba," Bishnukumari akasema polepole, "nikaenda kwa kaka yangu."

"Na mimi nikaenda kwa kaka yangu, mama."

Tulasa akavuta daftari, maana lazima aandike.

"Nani alimpa?"

"Wifi yangu, Manisara. Ndiye mhudumu wa kule."

"Kidonge chote?"

"Chote. Aliuliza kwanza kama amepewa kwingine. Aliuliza mara mbili."

"Anajua kazi," Tulasa akasema, akaandika jina. Kidonge kilichokatwa hakingojei, akamwita mtoto aliyefuata, akamuuliza mama yake yale yale.

Bishnukumari alikuwa bado amekaa. Akashika ncha ya shali yake, akaipeleka mdomoni mwa Sugam kama mtu anayetaka kufuta mguso wa yule binti wa wahunzi. Siku mbili zilikuwa zimepita, cha kufuta hakikuwepo. Mtoto akaing'ata shali, akacheka.

"Mlirudi na giza?" Bishnukumari akauliza, bila kumtazama Kopila.

"Ndiyo, mama. Wifi alinishika mkono mpaka darajani."

Bishnukumari akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kushuka ngazi za mawe peke yake. Kopila alibaki pale pale, hajui kama bado ana nyumba ya kurudi. Aliogopa hata kuvaa ndala zake.

Kule chini Bishnukumari akafika kwenye lango la ua wa nyumba yao, lile ambalo kila siku anagombeza watu walifunge kwa sababu ya mbuzi. Akaliondoa gogo la kulifungia, akaingia na mtoto. Gogo akaliacha chini, lango likabaki wazi.