Marehemu Hakuomba Jina

Mjukuu wangu alitimiza miezi mitatu akiwa bado hana jina. Hapa Aisilandi hilo halimkoseshi mtu usingizi. Mtoto huitwa Kijana, au Binti, mpaka siku ya ubatizo, na wazazi wake hulificha jina hata kwa bibi aliyemzaa mama yake. Bibi huyo ndiye mimi, Steinunn. Maana yake ni jiwe na wimbi, ingawa wanaonifahamu husema hilo wimbi hawajaliona.

Majina yetu ni vitu vya kawaida tu. Binti yangu ni Dagný, siku mpya. Mumewe ni Kolbeinn, mguu wa makaa, mtu mpole mwenye miguu myeupe kama maziwa. Jirani yangu ni Kunguru, na mwanawe, fundi bomba, ni Mbwamwitu. Hakuna anayecheka. Kinachotugombanisha ni nani aliyelibeba jina kabla, kwa sababu marehemu ambaye mtoto amepewa jina lake huwa amerudi nyumbani.

Mimi nilitaka Ketill arudi. Ketill maana yake sufuria ya kupikia, na alikuwa mdogo wangu, wa miaka kumi na saba. Asubuhi moja ya Februari alisema bahari haimpendezi, haendi kuvua. Nikamwambia mbele ya mabaharia wote, "Basi baki nyumbani, tukuvishe aproni." Wakacheka, naye akaenda. Mashua haikurudi, na sasa ni miaka hamsini na miwili. Dagný ni mwanangu wa pekee, tena amezaa akiwa na miaka arobaini. Kama si Kijana huyu, hakuna mwingine.

Lakini jina haliombwi na bibi. Huombwa na marehemu mwenyewe, ndotoni. Huja, huuliza kama kuna nafasi kwenu, na ukiamka unajua la kufanya. Ketill hakunijia hata mara moja. Nimemlalamikia Dagný tangu akiwa mdogo: wenzangu wanaota ndugu zao, mimi naota viazi.

Jumapili moja tulikuwa tunakunywa kahawa kwa Svanlaug, mama yake Kolbeinn. Mumewe, Ormur, alifariki mwaka juzi. Svanlaug akaweka kikombe chini taratibu, nikajua kuna jambo.

"Ormur kanijia," akasema.

"Kakujia kufanya nini?"

"Kaingia na buti zake, kakaa kiti hicho hicho ulichokalia wewe. Kaniambia, 'Mama watoto, hamnisogezei nafasi kidogo?'"

"Mjukuu wetu aitwe Nyoka?" nikauliza, maana ndiyo maana ya Ormur.

"Afadhali Nyoka kuliko Sufuria, mwenzangu."

Kolbeinn alijifanya anatafuta sukari. Dagný alimtazama mtoto. Nilirudi nyumbani bila kumaliza kahawa. Yule mwanamke alikuwa na mume aliyezeeka kitandani mwake, akafa ameshikwa mkono, na bado mume huyo anakuja kuomba nafasi. Ndugu yangu hana hata kaburi.

Kesho yake asubuhi nilimpigia Dagný simu. Nikamwambia Ketill amekuja.

"Kweli, mama?"

"Kasimama mlangoni. Kasema, 'Dada, nina baridi, niingizeni.'"

Akauliza, "Alivaa nini?"

"Sweta la bluu. Linachuruzika maji."

"Haya, mama," akasema, akakata simu. Mimi nikaendelea kuosha vyombo kama mtu mwaminifu.

Siku ya ubatizo niliamka mapema nikapika chapati zetu nyembamba za sukari, hamsini na kitu. Kanisani, Dagný aliniita kwenye chumba cha mchungaji nimsaidie kumvisha mtoto lile gauni refu jeupe. Alifunga mlango.

"Leo utambeba wewe," akasema. "Na anayembeba ndiye anayetaja jina."

Moyo ulinilipuka kwa furaha. "Mwanangu!"

"Subiri kwanza. Jina ni Ormur."

Nilikuwa nafunga utepe shingoni mwa mtoto. Nikauachia.

"Tulikuwa tumeshachagua Ketill," akasema. "Tangu mimba ina miezi mitano. Kolbeinn alishakubali, hata mama yake tungemtuliza. Halafu ukapiga simu."

"Sasa si ndiyo vizuri? Amekuja kuomba kile kile mlicho..."

"Mama. Maisha yangu yote unalalamika kwamba haji. Angekuja kweli, ungenipigia simu ukisema habari za sweta? Usingeweza hata kuongea. Ungekuja kwangu pekupeku."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua yangu ingeishia kwa mwanangu mwenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ungesema, Dagný, namtaka ndugu yangu. Ningekupa. Ila mtoto wangu sitamwita kwa ndoto ya kutunga. Nitamwambia nini akikua?"

"Kwa nini basi unaniachia mimi nitaje?"

"Kwa sababu wewe ni bibi yake," akasema, macho yamemjaa machozi. "Nimechoka kukushuku."

Tukatoka. Kanisa letu linachukua watu sitini, na wote walikuwemo. Svanlaug alikuwa kiti cha mbele, leso mkononi, hajui lolote kama wengine wote. Nilisimama mbele ya beseni la maji na mtoto mikononi, mzito, ananuka maziwa. Mchungaji Hildur akaniuliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Nataka niseme ukweli hapa. Nililiweka Ketill kwenye ulimi. Ningelitamka, maji yangemwagwa, jina lingeandikwa, na hakuna ambaye angesimama kugombana na bibi kizee mbele ya madhabahu. Dagný alikuwa kando yangu na hakunigusa, hakunikonyeza. Kijana alinitazama kwa macho yale ya watoto wachanga, kama mtu anayengoja huduma. Nikafikiri: mtu mmoja nilishamsukuma mahali asipotaka, kwa mdomo huu huu, mbele ya watu.

"Anaitwa nani?" mchungaji akarudia, kwa upole.

"Ormur," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, wasije wakaniuliza mara ya tatu.

Svanlaug aliangua kilio palepale. Mimi nilijikaza. Mchungaji alimmwagia mtoto maji mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na yeye hakulia hata kidogo. Nilipomrudisha kwa mama yake, Dagný aliushika mkono wangu uliolowa maji na hakuuachia, na hapo ndipo nilipomlilia ndugu yangu mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu afe.