Mistari Kabla ya Taa

Mimi ni fundi rangi wa barabara, na nasema wazi: siku ile niliogopa mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa utosini.

Tulikuwa tumemaliza kuchora kivuko. Mistari minene, myeupe, imenyooka. Katikati ya barabara tulijenga kisiwa ili mtu akivuka nusu apumzike kwanza. Nusu ya kwanza ni ya magari, kama zamani. Nusu ya pili tuliifanya njia ya mabasi peke yake, na mabasi yanatokea upande usiouzoea. Pembeni kabisa ni njia ya baiskeli. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa taa. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Kesho, na ukimuuliza taa zitawashwa lini, jibu unalijua. Hata hivyo asubuhi ile aliondoa koni, akafungulia magari.

"Bosi, madereva hawajui kama hapa pana kivuko," nilimwambia.

"Kwani hawana macho? Watazoea."

Nilimtukana kimoyomoyo, nikaenda kuosha brashi. Simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, mistari yako mizuri jamani! Nimeshafika katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya barabara, ya nini tena! Gari moja limenipigia honi, nikalipungia mkono. Nakwenda kwa mama yako mdogo."

Tangu barabara ipanuliwe, mama na mdogo wake walikuwa wakipungiana mikono madirishani na kuongea kwa simu, utadhani mmoja yuko ng'ambo. Mama mdogo miguu inamsumbua, na mama magari yanamtia kizunguzungu. Mimi ndiye niliyemwambia mistari ikichorwa magari yatasimama. Nilimwambia pia asubiri taa, lakini mama husikia anachokipenda.

Nikageuka. Kweli bwana, alikuwa ameketi ukingoni mwa kisiwa, mfuko mapajani, anapumzika kama yuko sebuleni kwake. Uso ameuelekeza kule magari yanakotokea siku zote. Na kutoka upande wa pili, nyuma ya kisogo chake, basi lilikuwa linakuja. Jipya, refu, na mwendo wake si wa mchezo.

"Mama! Simama! Simama hapo!"

Jamani, maneno yote yaliyomo duniani! Ningesema tulia. Ningesema usitoke. Lakini mimi kutwa nzima nawapigia madereva kelele wasimame, na ndilo lililonitoka. Mama alikuwa ameketi. Akamsikia mwanawe anamwambia asimame, naye akasimama. Akajikung'uta vumbi, akanitabasamia, akashuka kwenye mistari.

Nikafumba macho. Nilisikia breki, nikasikia abiria wakipiga mayowe, kisha kukawa kimya, na kile kimya ndicho kilichonimaliza kabisa. Niliwaza namna nitakavyomwambia mama mdogo. Niliwaza kwamba kengele ya mlango wake ingelia na mbele yake nimesimama mimi tu.

Nilipofumbua macho, basi lilikuwa limeganda juu ya mstari wa pili. Mama alikuwa mbele ya kioo, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, anamshukuru dereva kwa mkono. Dereva alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani.

Mama akaja mpaka nilipo, mwepesi kabisa. Baiskeli moja ilimkwepa, wala hakuiona.

"Umeona? Limesimama. Si ulisema!"

Nilimkumbatia na kumfokea hapo hapo. "Wewe mama wewe! Unataka kuniua? Nilikwambia taa! Nilikwambia taa, au sikukwambia?" Machozi yalikuwa yananitoka, na mikono yangu ilimwachia rangi mgongoni.

"Mbona unatetemeka, una homa?" Akacheka, akanifuta uso kwa kiganja. "Haya, nyamaza. Nikimaliza kuongea na mdogo wangu narudi hapa hapa. Hebu nifundishe, wewe ukivuka unaanza kuangalia upande gani?"

Tulipokuwa tukichora, barabara ilikuwa imefungwa, nasi tulikuwa tukikatiza tunavyotaka. Tangu koni ziondolewe sikuwa nimekanyaga pale hata mara moja. Nilikuwa nimetafuta kazi za upande huu wa kwa mama mdogo tu, asubuhi nzima.

"Mama, mimi mwenyewe sijavuka."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

Kicheko kikamkatika. Aligeuka akaitazama mistari yangu. Magari yalikuwa yanapita juu yake moja baada ya jingine, wala hakuna lililopunguza mwendo. Alijishusha taratibu mpaka akaketi chini, kwenye vumbi, akaning'ang'ania mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sasa mwanangu," akasema, "nyumbani nitarudije?"